SAFARI YA KWANZA YA KUWINDA: JIPANGE KABLA HUJATOKA

Somo la vikundi: vijana, akina mama na akina baba

Mwezi huu tunajifunza juu ya safari. Sisi wa 46 safari si jambo geni, maana hata jina la mtaa wetu ni namba ya basi. Lakini iko safari moja ambayo vijana wetu wanaitiwa kimyakimya, jioni, pale stegi: safari ya kwenda kuwinda. Kijana anaambiwa twende porini usiku mmoja, turudi na nyama, na pesa ni mkononi. Hakuna anayemwambia ajipange vipi, na huyo anayemwita hataki ajipange.

Lengo la somo: Mwisho wa somo hili kila mwana kikundi aweze (1) kueleza kwa nini kuwinda kumefungwa nchini Kenya, (2) kuhesabu gharama ya safari kabla ya kuikubali, na (3) kusaidia kikundi chake kupanga safari halali ya kwanza ya kwenda kuona wanyama.

Muda: Vikao viwili vya saa moja na nusu. Sehemu ya 1 hadi ya 4 zisomwe kikao cha kwanza, na zilizobaki kikao cha pili.

1. MCHEZO MFUPI

Watu watatu wausome kwa sauti mbele ya kikundi. Wafula ni kijana wa pikipiki. Si mtu wa kweli, lakini mnamjua.

JAMAA: Wafula, hiyo pikipiki iko na mafuta?

WAFULA: Iko. Kwani kuna kazi?

JAMAA: Ijumaa usiku tunashuka upande wa Kajiado. Tuko wanne. Wewe hushiki panga, hushiki tochi. Yako ni kubeba tu. Saa kumi na moja asubuhi uko hapa stegi, elfu mbili mfukoni.

WAFULA: Kubeba nini?

JAMAA: Nyama, bwana. Swara wamejaa huko kama mbuzi, na hawana mwenyewe.

WAFULA: Na tukishikwa?

JAMAA: Nani atatushika? Usiwe mwoga kama mtoto.

(Wafula anarudi nyumbani. Mamake amempakulia ugali na sukuma.)

MAMA: Mbona huli, mwanangu?

WAFULA: Mama, nimepata kazi ya elfu mbili. Usiku mmoja tu.

MAMA: Kazi gani?

WAFULA: Ya kubeba.

MAMA: Huyo aliyekuita amekuambia mzigo ni wa nani?

WAFULA: Hapana.

MAMA: Amekuambia mkishikwa nani atalipa wakili?

WAFULA: Hapana, mama.

MAMA: Na hiyo pikipiki umemaliza kuilipia?

WAFULA: Bado miezi saba.

MAMA: Basi hiyo safari bado haijapangwa. Kula kwanza, halafu tuongee.

Mjadiliane: Mama Wafula hakuanza kwa kumkemea mtoto. Alianza na maswali. Maswali yake yalikuwa mangapi, na kila moja lilifichua nini?

2. UWINDAJI ULITOKA WAPI, UKAISHIA WAPI

Hakuna kabila la kwetu ambalo mababu zake hawakujua kuwinda. Wakamba walijulikana kwa mishale yao yenye sumu. Waata wa upande wa Tsavo walikuwa na pinde kubwa za kuulia ndovu. Waogiek waliishi katika msitu wa Mau kwa asali na mawindo. Huko magharibi wanaume walitoka pamoja na mbwa na mikuki. Na kila mahali kulikuwa na miiko: mnyama gani haguswi, nani anagawa nyama, na nani anapata kipande gani. Kijana hakwenda kuwinda mara ya kwanza bila mzee wa kumwongoza.

Wakoloni walipofika, mambo yaligeuka. Mzungu mwenye leseni aliitwa mwindaji. Mwafrika aliyemuua mnyama yule yule ili watoto wake wale aliitwa jangili. Nairobi ikawa mji wa kuandalia safari kubwa za kuwinda. Iliyojulikana zaidi ni ya Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu kwenye urais wa Marekani. Alifika Mombasa Aprili 1909 na mwanawe Kermit, akapanda treni hadi stesheni ya Kapiti, huko mbele ya Athi River. Hapo msafara ulikuwa unamngoja: wapagazi zaidi ya 200, askari, wapishi, manyapara, mahema, na tani nne za chumvi ya kukaushia ngozi. Roosevelt na mwanawe peke yao waliua wanyama zaidi ya 500.

Tujifunze mambo mawili katika habari hiyo. La kwanza ni mpango. Msafara ule ulihesabiwa mpaka chumvi. Mzigo wa mpagazi ulipimwa, karibu ratili 60, yaani kilo 27 hivi, na posho yake ya kila siku ilijulikana kabla ya kutoka. La pili ni swali: jina la nani liliandikwa kwenye kitabu, na mabega ya nani yalibeba? Wapagazi walitembea miezi mingi na mzigo kichwani, na leo ni vigumu kupata mtu anayetaja hata majina kumi ya wale waliobeba. Ndugu zangu, yule Jamaa wa mchezo wetu anamtafuta mpagazi. Hata posho hajaipima.

Serikali ya Mzee Jomo Kenyatta ilipiga marufuku uwindaji Mei 1977. Mwaka uliofuata, 1978, biashara ya ngozi, pembe na vitu vya mapambo vinavyotokana na wanyamapori ikafungwa pia. Julai 1989 Rais Moi alichoma tani 12 za pembe za ndovu katika Mbuga ya Taifa ya Nairobi, dunia nzima ikitazama. Aprili 2016 Rais Uhuru Kenyatta alichoma tani 105 katika mbuga hiyo hiyo.

Majirani wetu walifuata njia nyingine. Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973 ikaufungua tena 1978, na mpaka leo huko mtu anaweza kuwinda akiwa na leseni, katika eneo na msimu uliowekwa. Uganda ilifunga mwaka 1979, ikaanza tena kwa majaribio karibu na Ziwa Mburo mwaka 2001. Kwa hivyo ukisikia mtu akisema, "Mbona ng'ambo ya mpaka wanawinda?", ni kweli wanawinda. Lakini leseni ya Tanzania haina nguvu Kajiado, na nyama iliyovushwa mpaka kwa magendo ni kosa pande zote mbili.

Na tusijidanganye kwamba marufuku peke yake yametosha. Utafiti wa wataalamu waliohesabu wanyama wa nyanda za Kenya ulionyesha kwamba kati ya 1977 na 2016 wanyamapori walipungua kwa karibu asilimia 68. Sababu ni nyingi: nyua na mashamba yaliyofunga njia zao, mifugo kuongezeka, ukame, na ujangili wa nyama. Kwa hivyo Jamaa anaposema swara wamejaa kama mbuzi, anasema habari ya zamani.

3. SHERIA INASEMAJE

Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 ilianza kutumika Januari 2014. Mambo haya yajulikane na kila mzazi:

Kwanza, kuwinda kwa mchezo au kujifurahisha ni kosa.

Pili, kuwinda kwa ajili ya chakula cha nyumbani pia ni kosa. Njaa inaweza kuelezwa mbele ya hakimu, lakini haifuti kosa.

Tatu, biashara ya nyama ya porini ni kosa kubwa zaidi. Hapa wengi hukosea. Sheria haimtafuti yule aliyeua peke yake. Anayepatikana na nyama, na anayeshughulika nayo kwa njia yoyote, naye yumo. "Mimi nilikuwa nabeba tu" si jibu.

Nne, sheria hiyo ilipoanza kutumika, adhabu ya biashara ya nyama ya porini ilikuwa faini isiyopungua shilingi 200,000, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Tangu hapo imerekebishwa, kwa hivyo anayetaka kiwango cha leo aulize katika ofisi ya KWS au kwa wakili. Sisi tutatumia kiwango hicho cha 2014 kufanya hesabu yetu. Kwa wanyama walio katika hatari ya kutoweka, kama kifaru na ndovu, sheria ilifika hadi kifungo cha maisha.

Tano, mahakama inaweza kuamuru chombo kilichotumiwa katika kosa kitwaliwe. Wewe mwenye pikipiki ya mkopo, soma hapo mara mbili. Pikipiki inaweza kwenda na deni libaki.

4. TUPIGE HESABU

Yesu alifundisha juu ya mtu anayetaka kujenga mnara: lazima kwanza aketi ahesabu gharama, asije akaishia kwenye msingi watu wakamcheka (Luka 14:28-30). Mwalimu wa kikundi aandike hesabu hii kwenye karatasi kubwa au ubaoni, kila mtu aione.

Upande wa kuingia: shilingi 2,000 kwa usiku mmoja.

Upande wa kutoka, akishikwa mara moja tu:

Faini ya chini: shilingi 200,000. Ukigawanya kwa 2,000 unapata 100. Maana yake Wafula anahitaji kwenda safari mia moja bila kushikwa hata mara moja, asile chochote katika hizo pesa, ndipo aweze kulipa faini ya safari moja.

Kifungo cha mwaka mmoja: tuseme kijana wa mjengo anapata shilingi 600 kwa siku, siku sita kwa wiki. Hiyo ni 3,600 kwa wiki. Mara wiki 52 ni shilingi 187,200 ambazo nyumba yake haitaziona.

Juu ya hayo ongezeni wakili, nauli ya mama kwenda mahakamani na jela, kodi ya nyumba inayongoja, na ile pikipiki. Ongezeni pia kitu kisichoandikwa kwa shilingi: kijana akitafuta cheti cha tabia njema cha polisi ili apate kazi, karatasi hiyo itasema.

Sasa ulizeni kikundi: aliyenunua ile nyama kwa Jamaa na kuiuza mjini, yeye katika hesabu hii analipa nini? Mkiona mstari wake hauna kitu, mtaelewa kwa nini safari hizi haziishi.

Neno juu ya nyama yenyewe. Mwaka 2004 shirika la Born Free lilipima nyama iliyonunuliwa katika bucha zipatazo 200 za Nairobi, na karibu robo yake ilionekana ni ya porini. Wengi waliila wakidhani ni ya ng'ombe au mbuzi. Nyama ya namna hiyo haijapita mbele ya daktari wa mifugo. Mnyama wa porini anaweza kuwa na kimeta au brusela, na wakati wa mvua kubwa Homa ya Bonde la Ufa, ile iliyoua watu nchini mwaka 1997 na 1998, na tena 2006 na 2007. Anayechuna ndiye wa kwanza kuambukizwa, halafu anayepika, kabla hata mlaji hajaonja. Sisi tuko karibu na machinjio ya Dagoretti, ambapo nyama hukaguliwa na kupigwa muhuri. Akina mama, ukiona nyama ya bei ya kutupa isiyo na muhuri, inauzwa usiku ndani ya mfuko, usiulize ni ya mnyama gani. Iache.

5. SAFARI HALALI YA KWANZA: HATUA KWA HATUA

Kikao cha pili kianze hapa. Kumwambia kijana "usiende" haitoshi. Wengi wa vijana wetu wamezaliwa 46, wameona simba kwenye noti na kwenye kalenda tu, na kutoka hapa hadi lango la mbuga kwenye barabara ya Lang'ata ni mwendo mfupi wa gari. Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ya kwanza Kenya, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 117. Ndani yake kuna simba, kifaru, nyati, twiga, punda milia, pofu, kongoni, swara na kiboko. Ndovu hawatembei humo. Lakini kuna kituo cha Sheldrick cha kulelea watoto wa ndovu waliobaki yatima, wengine kwa sababu ya majangili. Shirika lenyewe lilianzishwa mwaka 1977, mwaka ule ule uwindaji ulipofungwa. Hapo wageni huruhusiwa muda mfupi tu mchana, tena kwa kuagiza nafasi mapema.

Hatua ya kwanza: Kamati. Mchague watu watano: mwenyekiti, mweka hazina, mwandishi, wa usafiri, na wa chakula. Angalau wawili wawe wanawake, na angalau mmoja awe kijana chini ya miaka 20. Pesa zisikae kwa mtu mmoja. Ziwekwe kwenye akaunti ya kikundi, na risiti isomwe kila mkutano.

Hatua ya pili: Barua. Andikeni barua kwa KWS mkieleza nyinyi ni kikundi gani, mko wangapi, watoto wangapi, siku gani, na kwamba mnataka mafunzo. Kiingilio cha wanafunzi na watoto si sawa na cha watu wazima, kwa hivyo toeni hesabu sawasawa. Ada hubadilika. Ulizeni ya wakati huo, msitegemee ya mwaka jana. Tena malipo siku hizi ni kwa eCitizen, si pesa taslimu langoni. Yuko atakayewaambia, "Nipe pesa, mimi nitawalipia." Huyo mwambieni asante.

Hatua ya tatu: Hesabu ya michango. Kanuni ni hii: jumlisha gari, viingilio na chakula. Ongeza sehemu moja ya kumi kwa dharura. Gawanya kwa idadi ya watu, halafu kwa idadi ya wiki zilizobaki.

Mfano wa kujifunzia (si bei halisi): Gari 12,000. Viingilio 18,000. Chakula 6,000. Jumla 36,000. Dharura 3,600. Jumla kuu 39,600. Watu 33: kila mmoja 1,200. Wiki 12: kila mmoja 100 kwa wiki.

Mia moja kwa wiki ni pesa ya chai na mandazi siku mbili tatu, lakini kwa mwingine ni pesa ya maji ya nyumba. Kamati ikubaliane mapema juu ya wale wasioweza. Wengine wanaweza kutoa kazi badala ya pesa: kupika, kufagia kanisa, kufua vitambaa. Mtu asiachwe nyumbani kwa aibu.

Hatua ya nne: Gari. Msikodi gari kwa maneno. Mwone bima na stika ya ukaguzi, mwulize viti ni vingapi, na mwandikiane: saa ya kutoka, saa ya kurudi, nani ananunua mafuta, na gari likiharibika inakuwaje. Lipeni nusu, nusu ibaki mpaka mrudi. Dereva aambiwe kwamba ndani ya mbuga ni mwendo wa polepole, na haruhusiwi kutoka barabarani kufuata mnyama.

Hatua ya tano: Mizigo. Kila mtu awe na sweta (asubuhi ni baridi), kofia, viatu vya kufunga, na dawa zake kama anatumia. Kikundi kiwe na sanduku la huduma ya kwanza, sabuni, karatasi za choo, na pedi. Kamera si lazima, simu moja nzuri inatosha. Daftari na kalamu kwa kila mtoto.

Angalieni sana hili: tangu Juni 2020 plastiki za kutumia mara moja hazikubaliwi katika mbuga za taifa. Zile chupa ndogo za maji zitawafanya msimamishwe langoni. Chukueni maji kwa jerikani, na kila mtu na kikombe chake. Chakula kiwe kwenye sufuria au kontena za kurudi nazo. Githeri, chapati, mayai ya kuchemsha na ndizi vinatosha. Mabaki yote yarudi 46.

Hatua ya sita: Saa. Mbuga hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Wanyama huonekana vizuri mapema, kabla jua halijawa kali. Tokeni 46 saa kumi na moja na nusu. Mtu akichelewa dakika kumi gari liondoke. Na jambo hili litangazwe wiki tatu kabla, ili lisionekane ni chuki.

Hatua ya saba: Nidhamu. Hakuna kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa. Hakuna kupiga kelele, kupiga honi, wala kurusha kitu. Nyani asipewe chakula hata kidogo. Akishazoea, kesho atamnyang'anya mtoto wa mtu mwingine. Kila watoto watano wawe na mtu mzima mmoja anayejua majina yao na namba za simu za wazazi wao. Wahesabiwe wakati wa kupanda, wakati wa kula, na kabla ya kurudi. Kila mzazi awe ametia sahihi barua ya ruhusa.

Hatua ya nane: Kuwinda kwa macho. Hapa ndipo vijana watafurahia. Gawanyeni watu katika makundi manne, kila kundi na daftari. Kila mnyama aandikwe: jina, saa, mahali, walikuwa wangapi, walikuwa wakifanya nini. Kundi linalotaja bila ushahidi wa watu wawili linapoteza alama. Mtaona ajabu: ujuzi ule ule aliotumia babu, wa kutulia, kusoma nyayo, kujua upepo unatoka wapi na kungoja, ndio unaohitajika. Tena mnyama anabaki hai kwa kundi litakalokuja kesho.

Pitieni pale pembe za ndovu zilipochomwa mwaka 1989. Mtoto asimame hapo aulize kwa nini watu walichoma mali. Msimjibu haraka.

6. BAADA YA SAFARI

Ndani ya wiki mbili kamati isome hesabu mbele ya kikundi: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Kila kundi lisome daftari lake. Halafu kaeni na wale vijana wawili watatu ambao macho yao yaling'aa. Mnawajua.

Kwa hao iko njia. Chuo cha Utalii kwenye barabara ya Thika kilifunguliwa mwaka 1975 na kinafundisha kazi za hoteli na utalii. Naivasha kuna chuo cha mafunzo ya wanyamapori, na askari wa KWS hufunzwa Manyani. Kiko pia chama cha waongozaji safari, KPSGA, kilichoanza mwaka 1996, ambacho hutoa mitihani ya ngazi tatu: shaba, fedha na dhahabu. Mtihani unauliza ndege, wanyama, miti, historia na sheria. Kijana anaweza kuanza kusoma vitabu vya ndege hapa hapa Kawangware, jioni, kwa taa ya nyumbani. Si njia fupi, na karo si ndogo. Lakini kikundi kilichoweza kuweka mia kwa wiki kwa wiki 12 kimejua jinsi ya kuanza mfuko wa karo. Huyo kijana atabeba mzigo wake mwenyewe, na jina lake litaandikwa.

7. NENO LA MUNGU

Someni Mwanzo 25:27-34. Esau alikuwa mwindaji hodari. Biblia haimlaumu kwa kuwinda. Shida yake ilianza aliporudi amechoka na njaa, akakubali bei ya wakati huo: bakuli moja la chakula kwa haki yake ya mzaliwa wa kwanza. Alila, akanywa, akaondoka. Hakuuliza maswali. Angalieni pia kwamba aliyeuza na aliyenunua walikuwa ndugu. Njaa ya mmoja ilikuwa nafasi ya mwingine. Katika mtaa wetu tunaweza kuwa Esau, na tunaweza pia kuwa Yakobo, tukingoja mwenzetu achoke ndipo tumpe bei.

Halafu someni Kumbukumbu la Torati 22:6-7. Sheria ya Musa inamruhusu mtu kuchukua makinda, lakini mama ndege lazima aachwe aende. Ni sheria ndogo sana juu ya kiota kando ya njia, lakini inaahidi maisha marefu kwa anayeitii. Anayeacha kitu kiendelee kuzaa, naye anaachiwa siku.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, katika eneo letu ni kazi gani nyingine ambazo kijana huambiwa "wewe ni wa kubeba tu"?

2. Mama Wafula aliuliza maswali matano. Ongezeni mawili ambayo kila kijana wa pikipiki aulize kabla ya kukubali kazi ya usiku.

3. Mzee wa zamani alikuwa na haki ya kuwinda, leo mjukuu wake hana. Je, ni haki? Wazee waseme, vijana wasikilize, halafu vijana waseme.

4. Kama mmoja wetu tayari amekwenda safari hizo, kikundi kitamsaidiaje kutoka bila kumtangaza?

KAZI YA MWEZI

Chagueni kamati ya watu watano. Andikeni barua moja. Anzeni michango, hata kama ni shilingi hamsini. Mweka hazina alete daftari katika mkutano ujao, lipitishwe kwa kila mkono.

Mungu awabariki mnapojipanga.